Kutafuta programu ya tekscha, nikaishia Iringa kwa bibi

Najua nimepotea karibu miezi miwili, na kuna watu wamenitumia meseji wakiuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo. Baridi ya Mbeya ni ileile, geto ni lilelile, na deni langu kwa mama wa chipsi nalo ni lilelile. Kilichonificha ni projekti ya mwaka wa mwisho. Leo nataka kueleza yaliyonikuta, maana wadogo zetu wa mwaka wa kwanza na wa pili wameniuliza swali moja mara nyingi mno: "Kaka, kwenye tekscha unatumia programu gani?" Jibu lake ni refu. Chukua chai kabisa.

Projekti yangu ni filamu fupi ya animesheni, dakika tatu. Hadithi ni ya bibi yangu mzaa mama, anayeishi kijijini nje kidogo ya Iringa mjini. Binti anakwenda bondeni kukata milulu, ile ya kusukia vikapu, usiku unamkuta huko, anajikuta katikati ya nguzo za mawe, na nguzo zinaanza kuongea. Hadithi hii sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine hata pale kijijini, nadhani bibi aliitunga mwenyewe. Lakini ukishafika Isimila, kama kilometa 20 kutoka Iringa mjini ukiwa unaelekea Mbeya, utajua aliitoa wapi. Korongo limejaa nguzo ndefu nyembamba zilizochongwa na maji na upepo, zimesimama kama watu waliokatishwa mazungumzo. Krismasi nilimrekodi bibi kwa simu. Dakika kumi na moja, na jogoo mmoja anaingilia katikati.

Kwa wale wasiojua mambo haya: ukishatengeneza umbo kwenye kompyuta linakuwa jeupe tupu kama sanamu ya plasta. Tekscha ndiyo ngozi yake. Ndiyo inayosema hili ni jiwe, hiki ni kikapu, huu ni uso wa binti aliyelia. Filamu yangu ina vitu viwili vinavyoonekana karibu kila fremu: nguzo za Isimila na kikapu alichobeba binti. Hivyo viwili vikiharibika, hakuna filamu.

Wazo la kwanza lilikuwa rahisi, kupiga picha. Nilipita Isimila saa kumi jioni, nikapiga picha kama sitini, nikazivisha kwenye nguzo zangu. Duh! Picha inabeba jua lake. Kila ufa ulikuwa na kivuli cha saa kumi jioni, na filamu yangu ni ya usiku, mwezi uko utosini. Halafu jiwe lilelile likajirudia nguzo baada ya nguzo, hata mtoto angeligundua. Rafiki yangu mmoja akasema basi chora kwa mkono, kama ile Tinga Tinga Tales iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, ambayo iliazima sura yake kwa michoro ya mzee wetu Edward Saidi Tingatinga. Wazo zuri. Tatizo mimi nikichora mbuzi watu wanauliza kama ni meza.

Ndipo nikaingia kwenye tekscha za kanuni. Hapa hakuna picha. Unaiandikia kompyuta masharti, yenyewe inapiga hesabu kila nukta iwe na rangi gani. Mwanzo wa mambo haya una kisa ninachokipenda. Ken Perlin alifanya kazi kwenye filamu ya Tron iliyotoka mwaka 1982, na hakuridhika na jinsi kila kitu kilivyokuwa laini na safi kimashine. Akabuni hesabu ya kuleta uchafu wenye mpangilio, yaani namba zinazopanda na kushuka bila kufuata mstari lakini bila kurukaruka ovyo, kama vilima vya Uporoto ukiviangalia kwa mbali. Aliichapisha mwaka 1985, na mwaka 1997 akapewa tuzo ya ufundi na akademia ileile inayotoa Oscar. Watu wa fani wanaiita noizi. Moshi, mawingu, kutu, udongo, karibu kila uchafu unaouona kwenye filamu za kompyuta una noizi ndani yake.

Na kwa sisi tunaohesabu bando, kanuni ina faida nyingine: haina uzito. Mwaka 2004 Wajerumani fulani walitoa gemu linaitwa .kkrieger, la kupigana, lenye kuta na vyuma na mataa, na faili lote halifiki kilobaiti 100. Picha moja ya simu yangu ni nzito kuliko hilo gemu zima. Kila ukuta mle ndani kompyuta inautengeneza pale pale kwa kanuni.

Sasa programu. Ukiuliza mtu yeyote wa fani hii atakuambia Substance Designer, na mimi sitakudanganya, ni nzuri kuliko zote nilizogusa. Waliitengeneza Allegorithmic, kampuni iliyoanzia Clermont-Ferrand, Ufaransa, mwaka 2003, mji wenye volkano zilizolala jirani yake kama sisi na Rungwe yetu, na Januari 2019 ikanunuliwa na Adobe. Unaunganisha visanduku, wao wanaviita nodi, kila kimoja na kazi yake: hiki kinaleta noizi, hiki kinapasua nyufa, hiki kinapaka rangi. Ila ni ya kulipia, kwa dola, na bumu lilikuwa limeshaisha kabla halijaingia.

Mnajua kilichofuata. Rumeti akaja na fleshi. "Hii hapa mzee, imeshakrakiwa, full." Maelekezo yalisema zima antivairasi kwanza. Nikaizima, kwa mkono wangu mwenyewe. Wiki mbili nikawa mfalme. Nguzo zikapata nyufa, udongo ukapata rangi, nikawa naita watu geto waje waone. Asubuhi moja nikawasha mashine, mafaili yote yamebadilika majina, na kikaratasi kimoja kwenye skrini kinadai nilipe kwa bitcoin. Diski ya nje nayo ilikuwa imechomekwa usiku kucha. Ikaliwa vilevile.

Modeli naweza kutengeneza tena. Lakini kwenye ile diski kulikuwa na sauti ya bibi. Kwenye simu nilishaifuta mwezi wa kwanza kwa sababu simu ilijaa, nikasema si ipo kwenye diski. Bibi ana miaka themanini na kitu, hata yeye hajui hicho kitu ni ngapi, na tangu mwaka jana macho yamepungua sana. Niliwaza hilo tu siku nzima. Sikumwambia mtu. Rumeti aliomba msamaha lakini wa kulaumiwa ni mimi, yeye aliniletea fleshi, hakunishika mkono.

Mwalimu msimamizi nilipomweleza hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Ingekuwa haijaharibika, kwenye ripoti sehemu ya vifaa ungeandika nini?" Sikuwa na jibu. Nikatoka.

Basi nikaanza upya, na safari hii nikachagua kama mtu anayenunua viatu, kwa kuangalia mguu kwanza. Mguu wangu ni laptopu ya mtumba ya Core i5 kizazi cha tatu, RAM 8, haina kadi ya michoro ya peke yake, ni ile Intel HD 4000 ya ndani. Blender ni ya bure na ya halali, chanzo chake kiko wazi tangu mwaka 2002. Lakini Blender kuanzia 4.0 inataka OpenGL 4.3 na hii Intel yangu haifiki huko. Nikarudi kwenye 3.6, iliyotoka Juni 2023, ikafunguka bila kelele. Wadogo zangu, kabla hamjashusha toleo jipya na kumaliza bando, angalieni hicho kitu kwanza. Jipya siyo lazima liwe lako.

Ya pili niliyojaribu ni Material Maker. Hii nayo ni ya bure, inafanana sana na Substance kwa mtindo wa kufanya kazi, nodi kwa nodi, na imejengwa juu ya Godot, ile injini ya gemu. Toleo la zamani lilifunguka kwangu, polepole lakini lilifunguka. Nodi zake za ufumaji ziko tayari, unavuta tu. Nikasema hapa nimefika: nguzo na kikapu vyote humu.

Haikuwa hivyo, na hapa ndipo penye jambo ninalotaka wadogo zangu waelewe. Programu kama Substance na Material Maker kazi yao kubwa ni kukutengenezea kigae, mraba wa tekscha unaojirudia, unauvisha umbo lako kama kitenge. Nodi za Blender zinaweza kufanya kitu kingine, zinapiga hesabu kwenye nafasi yenyewe, urefu, upana na kina. Jiwe halivai kitenge. Tabaka la udongo wa Isimila linapita ndani ya nguzo, linatokea upande wa pili, linaendelea kwenye nguzo jirani, kwa sababu zamani zote zilikuwa ardhi moja kabla maji hayajazitenganisha. Nilipotengeneza matabaka kwa kigae, kila nguzo ilikuwa na mistari yake, haijuani na jirani. Nilipotumia nafasi, nikachukua urefu kutoka chini tu, nikautikisa kidogo kwa noizi, nikaugawa rangi: hudhurungi, nyekundu, ya majivu. Matabaka yakapita kwenye nguzo zote kwa mstari mmoja. Halafu noizi nyingine nikaivuta kwenda chini mpaka ikawa mifereji ya mvua. Nilikaa naangalia saa nzima bila kugusa kitu. Kwa hiyo nguzo, Blender. Hilo lilikwisha.

Kikapu kikanisumbua. Nodi ya ufumaji ya Material Maker ilitoa mkeka mzuri sana, lakini ni mkeka. Ukiuzungushia kikapu, pale mwanzo na mwisho vinapokutana panabaki mshono, kama suruali. Vikapu vya bibi havina mshono. Nikajaribu kuandika kanuni yangu kwenye Blender: chukua pembe ya kuzunguka kikapu, igawe vipande 48, vipande hivyo ndiyo fito zilizosimama, halafu unyuzi upite mbele ya ufito mmoja, nyuma ya unaofuata, uzunguke ukipanda. Nikawasha. Badala ya kufumana, ikatoka mistari iliyonyooka kuanzia chini hadi juu, kama bati. Nikabadilisha 48 ikawa 60, bati. 64, bati. Siku tatu, wadau. Nilianza kurudia kuwaza zile nodi za tayari na ule mshono, nikasema nitaugeuzia nyuma kamera isiuone.

Ijumaa nikapanda basi kwenda Iringa. Sikwenda kwa ajili ya kikapu, nilikwenda kwa ajili ya sauti. Nilikaa dirishani, Makambako tukala, misitu ya misonobari ya Sao Hill ikapita, na muda wote nawaza nitamwambiaje bibi kwamba ile hadithi nimeipoteza. Tulipita njia panda ya Isimila jua linazama. Sikuangalia upande ule.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekonda. Huko Mbeya hawana viazi?"

Kesho yake asubuhi nikamkuta amekaa barazani anasuka. Mimi nilidhani ameacha kwa sababu ya macho. Alikuwa anasuka kwa vidole tu, uso ameugeuzia jua, haangalii mikono kabisa. Nikakaa chini karibu yake. Mdomo wake ulikuwa unacheza, nikajua anahesabu. Nikamwuliza anahesabu nini, akasema fito. Nikamwuliza ziko ngapi.

"Idadi yoyote unayotaka wewe, ila lazima abaki mmoja asiye na mwenzake."

Sikuelewa. Akashika mkono wangu akaupitisha kwenye fito za kitakoni. Wawili, wawili, wawili, wawili, na mmoja peke yake. "Wote wakiwa na wenzao," akasema, "ukimaliza kuzunguka mara ya kwanza ukarudi ulipoanzia, unyuzi unapita mbele ya yuleyule uliyempita mbele. Na mara ya tatu hivyohivyo. Haishikani hiyo. Unapata kitu kama ua la mabua. Akibaki mmoja asiye na mwenzake, ukirudi unakuta zamu zimebadilika zenyewe. Wewe huna haja ya kukumbuka kitu."

Jamani. 48. 60. 64.

Nikamwuliza, na kikapu kikipanuka juu, ukiongeza fito inakuwaje? Akacheka. "Naongeza wawili wawili. Ukiongeza mmoja umeshamwoza yule mpweke." Nikaingia ndani kuchukua daftari. Bibi akawaambia majirani waliokuwa wanapita na ulanzi wao kwamba mjukuu wake wa chuo kikuu amekuja kujifunza kuhesabu. Waliona ni kichekesho kikubwa sana, na kwa kweli ni kichekesho.

Jioni nikamwambia. Bibi, ile hadithi niliyokurekodi Krismasi imepotea, kompyuta imeila. Nilitegemea atanyamaza au atauliza imepoteaje. Akasema tu, "Basi washa tena." Nikawasha, na safari hii nikaweka pia kwenye simu ya mjomba hapohapo. Mvua ikaanza juu ya bati. Nikataka kusimamisha, kelele ni nyingi, akanikataza kwa mkono akaendelea.

Hadithi ikawa nyingine. Binti yuleyule, milulu ileile, nguzo zilezile, lakini Krismasi nguzo zilimwonyesha njia akarudi nyumbani alfajiri. Safari hii nguzo zilimwambia akae nazo mpaka mvua iishe, na bibi akaishia hapo. Nikasubiri. Nikamwuliza, bibi, alirudi nyumbani? Akasema mvua bado inanyesha, husikii? Sijui kama alisahau mwisho au alikusudia. Mjomba anasema alisahau. Mimi sijui.

Kwenye tekscha za kanuni kuna namba inaitwa mbegu. Masharti yanabaki yaleyale, ukibadilisha mbegu unapata jiwe lingine. Niliifikiria hiyo namba usiku ule kitandani, ila ukweli ni kwamba nilikuwa nataka dakika zangu kumi na moja za kwanza na jogoo wake, na hazipo.

Nimerudi Mbeya Jumatatu. Nikafungua Blender, nikafuta 48 nikaandika 49. Kikapu kikafumana hapohapo, kuzunguka chote, hakuna mshono mahali popote. Kinapopanuka nikaongeza 2, 51, 53, mpaka mdomoni 61. Kwa hiyo swali la programu kwangu limejibika, Material Maker nimeiacha, ingawa kwa mtu anayetengeneza ukuta au sakafu ningemwambia aanze nayo. Mimi nilihitaji mahali pa kuandika hesabu ya bibi, siyo nodi ya tayari iliyoandikwa na mtu ambaye labda hajawahi kushika kikapu.

Kilichobaki ni kurenda. Kwa Cycles fremu moja inanichukua dakika nne, na dakika tatu za filamu kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 4,320. Piga mwenyewe: siku kumi na mbili bila umeme kukatika hata mara moja. Hahaha. Nimefanya kitu kinaitwa kuoka, yaani unaiambia Blender ipige hesabu za kanuni mara moja tu na kuzihifadhi kama picha, halafu unarenda kwa Eevee. Inashuka hadi kama sekunde sita kwa fremu, saa saba na dakika chache. Usiku mmoja. Ndiyo, najua, nimezunguka kote nikaishia kwenye picha, lakini hii picha haina jua la saa kumi jioni.

Uwasilishaji ni wiki ijayo Alhamisi. Kwenye sehemu ya vifaa nimeandika Blender 3.6, Audacity, na jina la bibi. Mwalimu amepiga duara kwenye jina la bibi kwa kalamu nyekundu, akaandika "fafanua".

Jana bibi alipiga kwa simu ya mjomba. Hakuuliza kuhusu mitihani. Aliuliza nimeweka mwisho upi, ule wa Krismasi au wa mvua. Nikamwambia wa mvua, maana ndio nilio nao. Akasema basi ongeza sauti ya mvua, watu wasikie vizuri.

Sasa ni saa nne usiku, umeme upo, feni inapiga kelele kama trekta. Fremu ya 212. Naenda kulala, rumeti kaahidi kuilinda.